Nguvu za Kuzaliwa: Winchi Akutana na Gogo

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, pole. Kama ulikuwapo tangu mwanzo, pole zaidi.

Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mbebaji katika duka la friji na friza. Mteja wa ghorofa ya nne akinunua friza, wenzangu huitazama lifti kwanza. Lifti ikiwa mbovu, hunitazama mimi. Chuma cha mazoezi sijawahi kukigusa. Nguvu nimezaliwa nazo tu, kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita, na ndiyo maana dukani wananiita Winchi.

Siku moja nikiwa ngazini na friza mgongoni nilipishana na fundi cherehani mmoja ambaye jioni hufundisha ndondi. Alinipima kwa macho. Hakuridhika, akavua futi shingoni, akanipima kifua hapohapo na friza yangu. Akasema mji mzima mabondia wa uzito wa juu hawajai kwenye kitanda kimoja, na kwamba mtu kama mimi kubeba majokofu ni kufuru.

Wiki iliyopita niliwasimulia pambano langu la kwanza. Jamaa alinisumbua raundi mbili. Ya tatu nikachoka kusumbuliwa, nikamnyanyua kiunoni, nikamshusha nje ya kamba, wima, taratibu, bila mkwaruzo. Mwamuzi akanitoa mchezoni. Ukumbi ulicheka mpaka na mimi nikacheka.

Ambaye hakucheka ni mama.

Mama yangu ni mwanamke mfupi aliyestaafu kazi ya kufua hospitalini. Miaka thelathini amekamua mashuka ya wagonjwa, na akikushika mkono huchomoki mpaka akuachie. Alinilea peke yake. Baba, kwa maelezo yake, alikufa nikiwa tumboni.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi ya pili yake, akinikanda jicho kwa kitambaa cha maji moto, "nilikuzaa na kilo tano na robo. Manesi wa zamu mbili walikuja kukuangalia. Sikupata tabu yote ile ili ukapigwe mbele za watu."

"Sikupigwa sana, mama."

"Hili jicho limejivimbia lenyewe?"

Nikajifanya kitambaa kimeniunguza.

"Hizo nguvu ni za babu yako, baba yangu mimi. Yeye alizitumia kung'oa visiki. Hakuna kisiki kilichomrudishia ngumi. Niahidi umeacha."

Nikamwahidi. Na hapa ndipo ungamo langu la wiki hii linapoanzia, maana jioni ileile nilikuwa kwa Kocha. Mama nilimwambia najifunza kuogelea.

Tunafanyia mazoezi chumba cha nyuma cha karakana ya Kocha ya kushona. Gunia la kupigia limejazwa vipande vya vitambaa, na ukilipiga sana linatema nyuzi.

"Lipige," Kocha aliniambia.

Nikalipiga kwa nguvu zangu zote. Gunia likaenda mpaka karibu na dirisha, likarudi likabembea. Nikajisikia vizuri.

"Sasa wewe, Fundi Saa."

Fundi Saa anatengeneza saa za mkononi, na uzito wake wote unakaribia kuwa sawa na mguu wangu mmoja. Alipiga kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Gunia halikwenda popote. Likajikunja katikati, na mnyororo ukalia.

"Umeona tofauti?" Kocha aliniuliza.

"Langu limefika mbali."

"Lako limesafiri. Lake limeumia." Akalikamata gunia kama anayelipa pole. "Wewe hupigi, unasukuma. Ni kazi ya dukani hiyo."

"Lakini nguvu ninazo kumshinda yeye."

"Unazo. Hata lori lina nguvu. Umeshaona lori likivishwa mkanda wa ubingwa?"

Akatuingiza ulingoni. Raundi mbili nzima Fundi Saa alinigusa kila mahali, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Mimi nilipiga hewa. Hewa ilipata tabu kweli siku ile.

Raundi ya tatu, kwa aibu zaidi kuliko kwa akili, nikamkumbatia. Sikumnyanyua, somo hilo nilikuwa nimeshalipata. Nilimlalia tu, nikapumzisha kilo zangu mia moja na kumi na mbili juu ya mabega yake.

Dakika ikapita. Nikasikia magoti yake yakitetemeka.

"Kocha," alisema kwa sauti iliyotokea chini ya kwapa langu, "mtoe huyu mtu. Napumua kwa zamu."

Kocha akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kigoda, akaketi.

"Rudieni."

Tukarudia. Mara ya pili Fundi Saa alipojinasua, mikono yake haikupanda. Nikamgusa utosini kwa glavu, mguso wa kitoto, akakaa chini.

"Sikiliza, Winchi," Kocha alisema. "Kwenye uzito mdogo nguvu ni chumvi, ukikosa unavumilia. Kwenye uzito wa juu ni nusu ya chakula. Mtu wa kilo zako akikuegemea dakika tatu, umebeba mzigo dakika tatu. Raundi ya tatu mikono yako imekufa, na hapo hata ngumi ya mvivu inaingia."

"Kumbe ninazo sifa."

"Nimesema nusu. Usishibe mapema."

Wiki sita tulifanya jambo moja. Egemea, sukuma, achia, gusa. Fundi Saa alikonda, na mtu yule hakuwa na cha kukonda. Dukani nilianza kuwaegemea wenzangu kwenye foleni ya chai mpaka meneja akanionya kwa barua.

Kisha Kocha akaniletea habari. Nimepata pambano, raundi nne, Jumamosi alasiri. Mpinzani ni mchinjaji wa mji wa jirani. Wanamwita Gogo.

"Rekodi yake?" niliuliza.

"Amepangiwa watu watano. Amewaangusha wanne."

"Na wa tano?"

"Alimwona kwenye mizani, akapata msiba."

Jumamosi nilikunja taulo, nikaliweka kwapani, nikaaga. Mama alikuwa anapiga pasi.

"Naenda kuogelea, mama."

"Haya." Hakuinua macho. "Ukifika huko inua mkono wa kushoto. Wiki nzima ukipiga hewa chumbani unauacha chini."

Nilisimama mlangoni kama nimegongomewa. Yeye akaligeuza shati, akaanza kola. Nikalibana taulo kwapani, nikaondoka.

Nilipopanda ulingoni alikuwa ameshakaa safu ya mbele, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Kocha akaniuliza kwa jicho ni nani yule. Mama akamjibu mwenyewe kutoka alipokaa.

"Nimekuja kuliona hilo bwawa."

Gogo akaingia. Niwe mkweli, sijawahi kumwona mtu wa namna ile isipokuwa kwenye kioo. Mabega ya mlango, shingo hakuna, vifundo vya mikono kama miguu ya kitanda. Nyuma yake alifuata mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu, ndoo mkono mmoja, taulo begani. Sikumwangalia mzee. Nani hushughulika na mshika ndoo?

Kengele ikalia. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaingia ndani, nikamkumbatia, nikamwegemea.

Naye akaniegemea.

Nikasukuma. Akasukuma. Na miguu yangu, miguu hii iliyopandisha friza ghorofa ya nne, ikateleza nyuma hatua moja. Kisha ya pili.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikasirika. Hapana. Niliogopa, na woga wenyewe sikuujua, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni njaa. Maisha yangu yote kitu nikikisukuma huondoka. Sikuwa na mpango wa pili.

"Kaka, unasukuma vizuri," Gogo aliniambia sikioni, kwa heshima kabisa.

"Na wewe pia," nikamjibu.

Baada ya adabu hiyo akanipiga mbavuni.

Raundi ile niliipoteza. Ya pili akarudi palepale mbavuni, na nikajikuta nimepiga goti kama mtu anayeposa. Mwamuzi akahesabu mpaka nane. Nikasimama, nikamtafuta mama kwa macho, maana mtu mzima akiumia huwa mtoto.

Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameikaza shingo, anatazama kona ya Gogo.

Hilo liliniuma kuliko mbavu. Raundi ilipokwisha nikarudi kwenye kigoda changu, na Kocha hajanimiminia hata tone, mama akawa amefika chini ya kona yetu.

"Mama, hapa haparuhusiwi," Kocha alimwambia.

"Nimemzaa. Ruhusa ninayo." Akaushika mguu wangu. "Wewe. Unamwona yule mzee anayeshika ndoo?"

"Namwona."

"Ni baba yako."

Kocha akanimwagia maji sikioni badala ya mdomoni.

"Mama, baba alikufa."

"Kwangu alikufa. Alitoka siku moja kwenda kutafuta kazi mji wa pili, hakurudi. Ningekwambia nini? Kila siku ungesimama dirishani."

"Na nguvu za babu? Na visiki?"

"Babu yako alikuwa karani. Hata kifuniko cha chupa nilimfungulia mimi." Akaitazama tena kona ya Gogo. "Nilimjua tangu alipoingia na ndoo. Mwendo wake uleule, kama anakanyaga mayai ya watu. Nilitaka ninyamaze mpaka mwisho. Halafu huyu kijana wake akakupigisha goti."

Kengele ikalia. Kocha akanisukuma katikati nikiwa bado na swali mdomoni.

Raundi ya tatu sikupigana. Nilikuwa nasoma. Nilimsoma Gogo masikio, nikamsoma kidevu, nikasoma kisogo kilekile kama changu, ambacho kinyozi wangu hulalamikia kwamba mashine inakwama. Kila nikimaliza ukurasa mmoja, ngumi inaingia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini kabisa.

Nikamkumbatia ili nipate kuuliza.

"Yule mzee wako ni nani?"

"Baba. Mbona unaongea?"

"Ana watoto wangapi?"

"Mimi peke yangu. Pigana, kaka, watu wanatazama."

"Acheni mazungumzo," mwamuzi alisema, akatutenganisha.

Kwenye kigoda Kocha aliniinamia. Hakuwa na mzaha.

"Zote tatu amezichukua. Usipomwangusha sasa hivi tumeshindwa. Najua ulichoambiwa, nimekisikia. Baada ya dakika tatu atakuwa ndugu yako. Kwa dakika hizi tatu ni mtu aliyekupiga mbavuni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Amechoka. Unene huo hata yeye anaubeba. Mwegemee."

Raundi ya nne nikamwegemea kwa moyo wote. Nikasikia kitu nilichokijua kwa Fundi Saa: goti likitetemeka. Mikono yake ikawa mizito. Nikaachia, nikagusa. Akapepesuka. Nikagusa tena, na hii haikuwa ya kusukuma. Nilisikia ikiumiza, kama ya Fundi Saa kwenye gunia. Ukumbi ukasimama.

Nikawa mtu mwingine kabisa kwa muda wa kama sekunde tano. Nilitaka aanguke. Nilitaka aanguke mbele ya yule mzee, na nilitaka mzee aone ni nani amemwangusha. Hilo nalo naliungama.

Kwa pupa hiyo nikapiga ngumi kubwa ya ovyo. Ikapita hewani. Gogo akanidaka na uzito wangu mwenyewe, akanirudisha kinyumenyume mpaka kwenye kamba, juu ya kona yake hasa. Mgongo wangu ukagusa kamba, na nilipogeuza uso nikakutana na mzee, karibu kiasi cha kuhesabu mvi zake.

Ndiyo kwanza ananitazama vizuri. Alianza na mabega yangu. Akapanda kwenye kisogo. Kisha macho yake yakavuka ulingo wote mpaka ng'ambo, ambako mwanamke mfupi mwenye gauni la kutokea alikuwa amesimama peke yake.

Ndoo ikamponyoka, maji yakamlowanisha viatu.

Gogo alikuwa ameshavuta mkono wa kulia nyuma. Niliuona ukienda, nikaujua mwendo wake wote utakavyokuwa, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mahali ulipo siku zote.

Ngumi haikufika. Kilichofika ni taulo.

Liliruka juu ya kamba, likampiga Gogo shavuni, likaanguka katikati yetu. Mwamuzi akalitazama kama mtu aliyekuta nguo isiyo yake kwenye kamba yake ya kuanikia. Watu wa ndondi mnajua: kona inayotupa taulo ndiyo inayojitoa. Na kona iliyotupa ndiyo iliyokuwa inashinda.

"Mzee," mwamuzi alisema, "umeteleza mkono?"

"Sikuteleza. Simamisha."

"Kijana wako anaongoza."

"Nimesema simamisha. Hawa wasipigane."

Sheria ni sheria. Mwamuzi akapunga mikono, akanishika kifundo, akauinua mkono wangu juu. Ndivyo nilivyopata ushindi wa kwanza maishani mwangu, nikiwa nimeegemea kamba, nikisubiri kuangushwa. Upande mmoja walizomea, upande mwingine walicheka. Kocha peke yake alipiga makofi, na yeye alipiga mawili tu.

Gogo akatema kinga ya meno.

"Baba, nilikuwa nashinda."

Mzee akainama kuokota ndoo.

"Baba, nakuuliza. Nimefanya kosa gani?"

Hakuwa na hasira bado. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Pale pale chuki yangu yote ya sekunde tano ikaisha, nikabaki nimemhurumia, mtu aliyenivunja mbavu.

Mama alikuwa ameshauzunguka ulingo. Watu walimpisha bila kuambiwa. Alisimama mbele ya mzee, kimo chake kinamfikia kifuani, mkoba ameushika kwa mikono miwili, na mimi niliyeijua mikono ile nikajiandaa kuruka kamba niende kumwokoa baba niliyempata dakika sita zilizopita.

Lakini hakupiga. Alimtazama tu, muda mrefu, kama anayetafuta doa kwenye shuka lililofuliwa.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Ndiyo," mzee alijibu.

Gogo akainama juu ya kamba. "Baba, huyu mama ni nani?"

Mzee akavua kofia. Nilidhani atasema jina. Nilidhani atasema ni mtu aliyemjua zamani, neno lolote la kupitishia siku.

"Ni mke wangu," alisema.

Gogo akanitazama mimi. Akamtazama mama. Akarudi kwa mzee, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye mdomo asilifute.

"Na mama yangu tuliyemuaga nyumbani asubuhi?"

Mwamuzi, ambaye muda wote huo alikuwa bado ameuinua mkono wangu, akaushusha taratibu.